Kaditama ya Shairi la Tangi

Zuhura alinipigia simu siku ya nne baada ya maziko ya baba yake. Alikuwa na sauti ya mtu aliyemaliza kulia na sasa anafagia. Akasema kwamba kwenye sanduku la Mzee kuna kitu changu, nije nikichukue kabla panya hawajakirithi. Nilikuwa nimeshafika mazikoni na kurudi nyumbani Mbulu, na magoti yangu yalikuwa hayajanisamehe kwa safari ile ya kwanza. Nikamuuliza ni kitu gani. Akajibu kwamba hata yeye hakielewi, ni daftari, na kwamba marehemu alikuwa ameagiza lisifunguliwe na mtu mwingine, ndiyo maana yeye amelifungua mara moja tu. Basi nikapanda tena gari la asubuhi kwenda Karatu.

Duka la Mzee Salehe siku hizi linauza vinyago, kofia za watalii na maji ya chupa. Kule nyuma, chumba nilichopanga mwaka wa 1968 kimekuwa stoo ya kreti za soda. Zuhura alinitolea kreti moja nikakalia, akaenda kuchemsha chai. Nilipobaki peke yangu nikaunusa ukuta, nikiwa mwanamke wa miaka yangu na ushungi wa heshima kichwani. Ulikuwa bado unanuka vitunguu. Ukuta ukikaa na magunia ya Mang'ola miaka hamsini unakuwa umeshaamua kunuka, na mimi nilifurahi sana kwamba haukubadili msimamo.

Nilikuja Karatu mwaka ule nikitoka chuo cha ualimu, nikiwa na sanduku la bati, magauni matatu, na karatasi mbili za stensili ambazo niliziona ni mali kubwa kuliko magauni. Shule ilikuwa haina nyumba ya mwalimu wa kike, kwa hiyo mwalimu mkuu, Bwana Akonaay, alinitafutia chumba kwa Mzee Salehe. Chumba kilikuwa ua mmoja na jiko, kimetenganishwa na duka kwa ukuta wa mbao ambazo hazikuwa na ugomvi na sauti yoyote: kila kilichosemwa dukani kilinifikia kitandani. Magari ya vitunguu kutoka Mang'ola yalishusha magunia uani, na yale ambayo uani hayakuenea yaliletwa kwangu kwa kuombwa radhi. Nilikuwa nimeapa kwamba mwaka ule ningekuwa mshairi, na kila nilipokaa kuandika machozi yalinitoka. Bi Mwanaidi, mke wa Mzee, alikuwa akipita mlangoni akiniona nalia na kalamu mkononi, anaondoka kwa kunyata kwenda kuniongezea mchuzi. Nilinenepa mwaka ule kwa huruma isiyonihusu.

Mlango wa chumba kile ulifungwa kwa kuinuliwa kidogo kwanza, halafu kusukumwa. Mimi sikuwa na subira hiyo. Niliuacha wazi, kuku wakaingia, mbuzi wakaingia, na Bi Mwanaidi akawa ananiambia kila siku, "Mwanangu, funga mlango." Aliniambia pia nimalize chai yangu, maana niliacha nusu kikombe popote nilipokaa, na asubuhi aliviokota vikombe vyangu uani kote. Sikuona kwamba mambo hayo mawili yalikuwa na uhusiano wowote na ushairi.

Mzee Salehe tulimwita mzee ingawa alikuwa na miaka arobaini na ushee tu. Ndevu na duka vilimwongezea iliyobaki. Baba yake alikuwa ametoka Arabuni, mama yake Mrangi wa Kondoa, na yeye mwenyewe alikuwa mshairi wa magazetini. Kila Ijumaa baada ya swala alikunja shairi ndani ya bahasha, akampa dereva wa gari la Arusha, na baada ya wiki tatu au nne likatokea kwenye ukurasa wa washairi, na chini yake jina lake la kishairi: Nahodha wa Karatu. Washairi wa Tanga na Lindi walimjibu kwa vina vilevile, naye akawajibu, na ugomvi juu ya jambo kama mke na mama nani wa kuokolewa kwanza maji yakifurika ungeweza kuchukua miezi minane. Wateja walikuwa wamezoea. Mtu alikuja kununua sukari akamkuta Nahodha ameshikilia kopo la kuchotea hewani, midomo inacheza, vidole vya mkono wa kushoto vinagonga meza: nane, nane. Hakuna aliyemkatiza. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kimasai aliyeshuka kutoka Ngorongoro kila mwezi kununua blanketi na tumbaku, akikaa juu ya gunia la chumvi kusubiri usafiri wa kurudi, na Mzee Salehe alikuwa akimwomba msaada: apewe neno linaloishia na "ngo". Mzee yule alifikiri kwa heshima kubwa, kisha akamletea maneno ya Kimaa, mazuri kabisa, yaliyoishia vizuri, na yasiyofaa kitu.

Sasa zile karatasi zangu mbili. Chuoni tulikuwa na mkufunzi kijana aliyekuwa amesoma ng'ambo, akarudi na pipa la mawazo. Alitufundisha kwamba huko Ulaya washairi walikuwa wameshaacha vina na mizani zamani, kwamba wahakiki wa kisasa wanalipima shairi kwa jinsi linavyosimama na wale waliotangulia, wala si kwa kuhesabu silabi. Mihadhara yake aliipiga chapa kwa Kiingereza akatugawia. Sentensi moja ya ukurasa wa kwanza niliikariri kuliko sala: kila mshairi mpya ni mpangaji katika nyumba ya waliokufa, na mpangaji ana haki ya kuhamisha samani. Sikusoma ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka, na nilikuwa na haraka ya kuhamisha samani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuisema sentensi hiyo mezani kwa mwenye nyumba. Ilikuwa Ijumaa, kuna pilau. Mzee Salehe alikuwa amenikaribisha kula na familia, na akasoma kwa sauti shairi lake jipya, beti kumi na mbili juu ya dhoruba, matanga, na mawimbi yanayopiga ngalawa. Alipomaliza akanitazama. Nikamwambia kwamba linapendeza sikioni, lakini wahakiki wa kisasa wangeuliza maswali. Akataka kujua maswali gani. Nikafuta mkono, nikamuuliza, "Mzee, wewe umewahi kuiona bahari?"

Zuhura, aliyekuwa darasa la kumi na nyumbani kwa likizo, aliinamia sahani. Bi Mwanaidi aliacha kijiko ndani ya sufuria. Wote walijua, na mimi sikujua, kwamba Nahodha wa Karatu hakuwahi kuvuka Korogwe. Maji makubwa aliyoyajua ni Ziwa Eyasi, ambalo hata ng'ombe hawalinywi. Mzee Salehe alitafuna, akameza, akasema kwa upole, "Sijaiona. Na huyo mhakiki wako wa Ulaya, mwalimu, wewe umewahi kumwona?"

Tangu usiku huo tukawa maadui wa kupendeza. Kila chakula kilikuwa kesi. Mimi nilisema vina ni pingu. Yeye akasema hata mlima Oldeani una pingu ya kukaa pale pale na bado unaleta mvua. Mimi nilisema mtu wa Karatu aandike ya Karatu. Yeye akasema nimwandikie basi moja ya Karatu alione. Nikamwandikia. Aliweka karatasi yangu juu ya meza ya duka, akagonga kwa vidole mstari wa kwanza, akagonga wa pili, wa tatu akaurudia mara mbili kama mtu anayetafuta ngazi gizani, kisha akanirudishia. "Guni," alisema. Ndilo neno lao kwa shairi lenye kasoro ya mizani. Mzee wa Kimasai juu ya gunia lake la chumvi alitaka kujua guni ni nini, akaelezwa kwamba ni kama ng'ombe mwenye miguu mitatu. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akauliza kama anatoa maziwa.

Naweza kucheka leo. Siku ile nililala na njaa kwa hasira. Ukweli, ambao nisingeukubali hata kwa kufungwa kamba, ni kwamba sikuwa namtaka yule mhakiki wa Ulaya anisifu, wala mkufunzi wangu. Kwa mwaka mzima nilitaka jambo moja tu: Mzee Salehe aniite mshairi. Aliwaita hivyo watu ambao hakuwahi kuwaona, makarani wa Lindi na mafundi cherehani wa Pangani. Akipokea gazeti alisema, mshairi fulani amenijibu. Mimi niliyeishi ukuta mmoja naye, niliyekula pilau yake, aliniita mwalimu. Mwalimu, chumvi. Mwalimu, kuna barua yako. Mwalimu, guni.

Mwezi wa sita mbuzi alikula insha ya mkufunzi. Niliporudi kutoka shuleni mlango ulikuwa wazi, kama nilivyouacha, na ukurasa wa kwanza ulikuwa sakafuni, kona moja imetafunwa na sentensi yangu imepona. Ukurasa wa pili haukuwepo. Nilimtazama yule mbuzi naye akanitazama. Nikampigia magoti Bi Mwanaidi kumweleza ukubwa wa hasara, akasema pole mwanangu, karatasi ni ya mbuzi, na mlango nilikwambia. Kwenye chakula nikamweleza Mzee Salehe kwamba nusu ya uhakiki wa kisasa imeliwa. Akauliza swali moja tu: nilikuwa nimeisoma mpaka mwisho? Nikasema ndiyo. Akanimiminia chai, na sikupenda jinsi alivyonimiminia.

Ndipo likaja tangi. Shule yetu ilikuwa imepata tangi la maji la saruji. Wazazi walichimba mtaro kutoka chemchemi kwa miezi mitano, na mkuu wa wilaya alikuwa aje kufungua bomba. Mwalimu mkuu alitaka shairi. Kwa miaka yote shairi la shughuli yoyote Karatu lilikuwa la Nahodha, na Mzee alikuwa ameshaandika beti ishirini. Nilizisikia zote kupitia ukutani, mpaka nikazijua. Lakini mgeni alikuwa na safari ya Ngorongoro mchana uleule, na Bwana Akonaay alikuja dukani kusema kwa aibu kwamba ratiba ina nafasi ya shairi moja fupi. Nilikuwa nyuma ya ukuta, kikombe mkononi. Nilimsikia Mzee Salehe akisema, "Mpe mwalimu. Yeye ni wa shule." Nilidhani ameshindwa. Nilifurahi kwa namna ambayo hadi leo naionea haya.

Shairi hilo niliandika siku kumi, mlango wazi, macho yanachuruzika. Sikutaka kina hata kimoja. Nilitaka mistari mirefu na mifupi, neno moja lirudi na kurudi, na pumzi iachwe kila baada ya mstari, maana mkufunzi alisema kimya nacho ni sehemu ya shairi. Nilijiona nimevumbua kitu ambacho hakijawahi kusikika bara hili. Na mwisho nilifanya lile lililokuwa la kisasa kuliko yote: sikumaliza. Shairi lilikatika katikati ya sentensi, ili msikilizaji akae na swali. Nilijipongeza sana kwa mwisho huo ambao haukuwepo.

Siku ilifika. Mkuu wa wilaya alikuwa kijana mnene mwenye adabu, ameketi chini ya turubai. Wazee wa Kiiraqw walikuwa wamekaa mbele na fimbo zao na mablanketi yao, na kiongozi wao alikuwa Aako Bura. Aako ni neno letu sisi Wairaqw la heshima kwa babu. Aako Bura alikuwa na sikio moja zima, na alikuja, kama alivyosema kwa kila aliyemsalimu, kwa ajili ya nyama. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa na moshi ulikuwa unatuelekea sote bila ubaguzi. Mzee Salehe alikaa pembeni katika kanzu nyeupe, na mfukoni niliuona ukingo wa zile beti ishirini. Nikasimama karibu na bomba, nikasoma.

"Maji yatoke Oldeani," nilisema, nikaacha pumzi. "Yashuke. Yapite makorongoni bila kugombana na mtu. Maji yawafikie ng'ombe." Na hapo, katika pumzi niliyoiacha kwa ajili ya swali la kisasa, Aako Bura aliitikia.

Ilikuwa sauti ya chini, nzito, ya kifuani, na wazee wengine wakaidaka papo hapo. Nilidhani wana kikohozi cha moshi. Nikasoma mstari uliofuata, maji yawafikie nyuki, nikaacha pumzi, na safari hii waliitikia wote, fimbo zikagusa ardhi pamoja. Mara ya tatu, akina mama nao wakaitikia. Damu ikanipanda masikioni. Kwetu kuna slufay, sala ndefu ya baraka. Mzee mmoja huitamka mstari kwa mstari, huacha pumzi, na wote huitikia kwa pamoja. Nilikuwa nimeisikia utotoni kabla sijapelekwa kwa masista kusoma, nikiwa na usingizi, kichwa kwenye goti la mtu, na sikuwahi kuiwaza tena. Neno linalorudi, mstari mrefu na mfupi, kimya: vumbuzi zangu zote zilikuwa za babu. Wazee wale, wengi wao Kiswahili chao cha kununulia chumvi tu, walikuwa hawaelewi hata nusu ya maneno yangu, lakini walijua kabisa nilikuwa nafanya nini. Mimi peke yangu ndiye sikujua.

Na nisiseme uongo: ilikuwa tamu. Watu mia mbili waliniitikia. Ilinibeba. Nikasoma kwa sauti ambayo sikujua ninayo, maji yawafikie watoto, eeh, yawafikie wageni, eeh, yamfikie hata asiyetupenda, eeh, mpaka nikafika mwisho, nikasema, "Na sisi," nikafunga karatasi, nikaketi.

Hakuna aliyeitikia. Walingoja. Mkuu wa wilaya alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaiweka mikono magotini. Aako Bura aligeuza lile sikio zima kunielekea. Kisha akamuuliza mwenzake kwa Kiiraqw, kwa ile sauti ya kiziwi inayosikika hadi jikoni, binti amesema "na sisi" nini. Mwenzake akamwambia hakusema. Manung'uniko yakatembea. Nilielewa kila neno, ndiyo ilikuwa shida. Ng'ombe wamebarikiwa, nyuki wamebarikiwa, asiyetupenda amebarikiwa, na sisi tumeachwa mlangoni? Sala ya namna ile haiachwi wazi. Ikiachwa, kila kilichotamkwa kinaning'inia, na anayekunywa maji yale anakunywa jambo lisilokwisha. Aako Bura alitangaza kwamba haondoki alipokaa, hagusi maji wala nyama, mpaka aliyefungua afunge. Kwamba aliyefungua ni mwanamke, na slufay husemwa na wanaume, hilo alisema litajadiliwa siku nyingine, kwanza afunge.

Mwalimu mkuu alinijia akiwa ametabasamu kwa meno tu. Akaniambia kwa sauti ya chini nimalizie, neno lolote. Nikamweleza kwamba ndivyo lilivyo, kwamba limekatika makusudi, kwamba ni mtindo. Bwana Akonaay alinitazama kama mtu anayeona tangi linapasuka. Mkuu wa wilaya aliangalia saa. Mimi nilisimama tena. Nilitafuta mwisho wa slufay kichwani, na nikagundua kwamba utotoni nilikuwa nalala kabla haijaisha. Kila mara. Sijawahi kuogopa hivyo mbele ya watu, na nimesimama mbele ya wakaguzi wengi.

Ndipo Mzee Salehe aliponyanyuka. Hakutoa karatasi mfukoni. Alikuja akasimama kando yangu, akaweka kiganja sikioni kama wafanyavyo waimbaji wa mashairi, na akaghani, taratibu, kwa mahadhi yake ya kila Ijumaa:

Kaditama hadharani, mlokaa kwa heshima,
Maji yaje majumbani, na kwa baba na kwa mama,
Na sisi tumo kundini, tusibaki tukihema,
Mola atie auni, sote tuishi salama.

Kaditama ni ubeti wa kufungia. Mshairi wa aina yake hawezi kuondoka bila huo, kama mgeni asivyoondoka bila kuaga. Alikuwa ameusuka pale pale, nane kwa nane, hakuna silabi iliyozidi. Aako Bura hakuwa amewahi kusikia shairi la Kiswahili likiimbwa, lakini neno kundini alilielewa. Akaitikia. Wote wakaitikia, fimbo zikashuka, na bomba likafunguliwa. Yalitoka matope kwanza, kisha maji, kisha kila mtu akaenda kula.

Mimi sikula. Nilikaa chumbani juu ya gunia, nikiwa na hasira ya mtu aliyeokolewa. Jioni Bi Mwanaidi alinileta mezani kwa kunishika mkono. Nikamwambia Mzee Salehe kwamba shairi langu limeharibiwa, kwamba ameweka paa la msikiti juu ya nyumba yangu. Hakukasirika. Alisema beti zake ishirini bado ziko mfukoni, hakusoma hata mmoja, na kwamba ule alioimba haudai kuwa wake.

"Mlango uliuacha wazi, mwalimu, nami nimeuegesha tu," alisema. "Kuufunga ni kazi yako. Ukiwa tayari."

Halafu akatoa chini ya mkeka ukurasa wa pili wa insha. Haukuwa umeliwa. Upepo ulikuwa umeupeleka kwenye maganda ya vitunguu, akauokota, na Zuhura alikuwa amemtafsiria mstari kwa mstari tangu alipokuja tena likizo, mpaka Mzee akajua insha yangu kunizidi. Alimwambia Zuhura anisomee aya ya kwanza. Mkufunzi wangu alikuwa ameandika kwamba mpangaji asiyejitambulisha kwa waliokufa ataishia kulala kitandani mwao na kuvaa nguo zao akidhani ni zake. Ilifuata aya nzima kunihusu mimi, ingawa hakunitaja jina. Bi Mwanaidi alikuwa wa kwanza kucheka. Mzee Salehe alijizuia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na alipocheka alilia machozi, akasingizia vitunguu. Nikacheka na mimi.

Mwaka uliofuata nilihamishwa. Nilifundisha, nikawa mkaguzi, nikaandika vitabu viwili vya darasa la nne ambavyo wanangu hawakuvisoma. Slufay niliitafuta, nikakaa miguuni pa Aako Bura siku nyingi na kibuyu cha asali kama ada, na alinifundisha yote isipokuwa yale yaliyompita akisinzia. Shairi la tangi sikuligusa tena. Kila nilipopita Karatu Mzee Salehe alinikaribisha kwa jina lilelile: mwalimu, karibu ndani, mwalimu, umekonda. Sikumwambia kamwe nilichokuwa nakitaka. Mtu anaona aibu kuomba neno moja akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na akifika sitini anaona aibu zaidi.

Zuhura alirudi na chai, akaniwekea daftari mapajani. Lilikuwa la shule, jalada la buluu limepauka. Ndani, kwa mwandiko wake uliosimama wima, Mzee alikuwa amenakili mashairi ya wale wote waliowahi kujibizana naye, kila moja na kichwa chake: kutoka kwa mshairi fulani wa Lindi, kutoka kwa mshairi fulani wa Pangani. Katikati ya daftari kulikuwa na shairi langu, maji yatoke Oldeani. Kando ya kila mstari alikuwa ameandika idadi ya mizani, kwa wino mwekundu, bila huruma: tisa, tatu, kumi na saba. Mbele ya "na sisi" aliandika tatu. Chini yake hakuweka ule ubeti wake. Aliacha mistari minne mitupu, na pembeni maneno mawili: kaditama haijafika.

Juu kabisa aliandika: Kutoka kwa mshairi Paskalina, jirani.

Nililia, na stoo ile ilikuwa haina kitunguu hata kimoja. Zuhura aliniacha nilie. Baadaye alisema kwamba baba yake alimwambia, wiki ya mwisho, Dada Paskalina ndiye anayejua linavyoishia, amwite msiba ukishatulia. Nikamwomba kalamu. Nilikunywa chai yangu mpaka chini kwanza, nikamwonyesha kikombe kitupu kwa ajili ya mama yake, kisha nikagonga juu ya kreti kwa vidole, nane, nane, muda mrefu, hata kijana wa dukani akaja kuchungulia kama kuna mtu anabisha. Nikaandika mstari mmoja: Na sisi tumo kundini, nami nimefunga mlango.

Nimeuhesabu mara tatu. Nusu ya kwanza ni yake na ina nane. Ya pili ni yangu na ina tisa. Moja imezidi, naiona, na nimeiacha makusudi, kwa sababu katika mwaka mzima ule hakuna kitu kilichompa Mzee Salehe raha kama kunikuta na kosa.